Wanja kwa Umbo la Jicho Lako: Unenepeshe Wapi, Uishie Wapi

Dada wawili wanakaa saluni Sinza, mmoja baada ya mwingine, wanapakwa wanja uleule kwa mkono uleule. Wa kwanza anainuka macho yamefunguka, uso umechangamka. Wa pili anainuka anaonekana mchovu. Wanja hauna kosa. Wamepigwa mstari wa aina moja kwenye macho yasiyofanana, na kwa yule wa pili mstari huo haukufaa.

Kazi kubwa ya wanja inafanywa na unene wa mstari: unanenepa wapi na unakwisha wapi. Unene ukikaa katikati ya kope, juu ya mboni, jicho linazidi kuwa duara. Ukikaa upande wa sikio, jicho linarefuka. Ukikaa upande wa pua, macho yanasogeleana. Mkia, yaani ncha ya mstari inayotokeza nje ya kona ya jicho, ukipanda, uso unapanda nao. Ukishuka, uso unashuka nao. Ukilishika hilo, huna haja ya kuiga mstari wa mtu uliyemwona kwenye simu, maana huenda jicho lake na lako hayana hata undugu.

Kabla hatujaanza: hapa nikisema kope la juu au la chini nina maana ya ngozi inayofunika jicho. Vile vinywele vyake nitaviita nywele za kope.

Lijue jicho lako kwanza

Fanya hivi mchana, karibu na dirisha, uso ukiwa mtupu. Kioo kiwe usawa wa macho. Ukikiweka chini mezani utakiinamia, ukikitundika juu utainua kidevu, na kote huko kope linabadilika. Legeza uso, usitabasamu, usinyanyue nyusi. Tazama mbele, halafu jiulize maswali haya.

Je, mboni, yaani ule mviringo wote wenye rangi, inagusa kope la juu na la chini? Kama inagusa kote, jicho lako ni la mlozi. Kama kuna weupe unaoonekana juu yake au chini yake, ni jicho la duara, lile watu wanalosifia kuwa macho ya gololi.

Je, mkunjo wa kope la juu unaonekana ukiwa umefumbua macho? Kama ngozi ya juu imeteremka ikauficha, hata ikagusa nywele za kope, jicho lako limefunikwa. Wengine hufunikwa kona ya nje tu, na hao ndio wanaojichanganya zaidi, kwa sababu ukiangalia katikati kope linaonekana vizuri.

Je, kona ya nje imekaa wapi? Shika penseli mlalo mbele ya jicho, igusie kona ya ndani. Kona ya nje ikiwa juu ya penseli, jicho linapanda. Ikiwa chini, jicho linashuka.

Kati ya jicho na jicho, je, linaweza kuingia jicho jingine zima? Likiingia sawasawa, nafasi ni ya kawaida. Lisipoenea, macho yamekaribiana. Likiingia na nafasi ikabaki, yameachana.

Mwisho geuka kidogo ujitazame kwa pembeni. Macho yaliyozama yamerudi ndani na mfupa wa nyusi umeyafunika kwa juu. Macho yaliyotokeza yamejaa, kope limejitokeza mbele.

Usishangae ukipata majibu mawili au matatu kwa mara moja. Mtu anaweza kuwa na macho ya duara yaliyoachana, au ya mlozi yanayoshuka. Na mara nyingi jicho la kulia halifanani na la kushoto la mtu huyohuyo. Kumbuka lipi ni gumu, kwa sababu hilo ndilo utakaloanza nalo.

Wanja upi ununue

Ukizunguka Kariakoo, hasa maduka ya Mtaa wa Kongo na vichochoro vyake, utakuta aina nne kuu. Wanja wa penseli ni rahisi kuutawala na ukikosea unafutika, ila ulio laini sana unayeyuka. Wanja wa kalamu una ncha ya kitambaa kigumu. Unachora mkia mkali na hukauka haraka. Wanja wa maji wa kichupa na brashi nyembamba unang'aa na umekolea sana, lakini hausamehe mkono unaotetemeka. Wanja wa jeli wa kikopo hupakwa kwa brashi iliyokatwa mshazari, na kwa joto letu ndio naupenda kuliko wote, kwa kuwa ukishakauka haubanduki ovyo.

Anayeanza nampa penseli ngumu kiasi, brashi ndogo ya mshazari na rangi nyeusi ya unga ya kupaka kwenye kope. Hivyo vitatu vinatosha mwaka mzima.

Kabla hujalipa, geuza kifurushi. Tafuta jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Tafuta pia kialama cha kikopo kilichofunguliwa mfuniko, ndani yake imeandikwa 6M, 12M au namba nyingine: ni miezi unayoruhusiwa kutumia bidhaa tangu siku uliyoifungua. Wanja wa maji ukishafika miezi 6 uache hata kama umebaki nusu. Penseli inadumu zaidi, kwa sababu kila ukiichonga unaondoa sehemu iliyokwishagusa jicho. Tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo duka likikuuzia kitu kisicho na maandishi yoyote ya kueleweka, una haki ya kukikataa.

Sasa wanja wa manga, ule wa unga unaopakwa kwa kijiti. Najua umekaa kwenye nyumba zetu za Pwani tangu enzi za mabibi, na najua unavyokolea. Lakini aina nyingi za wanja huu hutengenezwa kwa kusaga jiwe lenye madini ya risasi, na risasi haionekani kwa macho wala hainuki. Ikiingia mwilini kidogo kidogo inadhuru, na mtoto mchanga inamdhuru kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo wake bado unakua. Mtoto anapangusa macho kwa kiganja, kisha kiganja kinaenda mdomoni. Kwa hiyo nawaomba mama na bibi: mtoto asipakwe, wala machoni wala kwenye paji la uso. Kama hofu ni kijicho, mwombeeni dua.

Jambo jingine nisilolilegezea ni kuazimana. Mwanzoni mwa 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar, penseli moja ya wanja ilitosha kuuguza nyumba nzima ya wasichana. Wanja ni wako peke yako. Kama umeugua macho, ulioutumia wakati unaumwa utupe. Mpambaji akikujia na kikopo cha jeli alichochovya kwa mteja aliyepita, mwombe achote kidogo kwa kijiti safi akiweke kwenye kibao, na brashi aisafishe mbele yako. Aliye makini hatachukia.

Andaa kope lisipitwe na jasho

Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar inawaka, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Ukitoka Mbagala kwa daladala saa mbili asubuhi, ukifika Posta wanja usioandaliwa umeshahamia chini ya macho. Maandalizi yanachukua dakika tatu.

Osha uso, ukaushe. Kama unapaka mafuta au losheni, usiyafikishe kwenye kope la juu, na ulichopaka chini ya jicho kipe muda kinywewe na ngozi. Chukua tishu, ibonyeze kwenye kope la juu uondoe mafuta ya asili. Ibonyeze, usisugue. Pakaa praima ya macho, yaani krimu ya kutangulia inayoshikilia wanja, kama unayo; kama huna, konsila (krimu ya rangi ya ngozi ya kuficha madoa) kidogo sana iliyosambazwa kwa kidole cha pete inatosha. Kisha gandisha kwa poda, na poda hiyo ipite pia kwenye ngozi iliyo juu ya mkunjo, maana hapo ndipo kope linapojisugua kila ukipepesa.

Ukishapaka wanja wa penseli, chovya brashi ya mshazari kwenye rangi nyeusi ya unga, uibonyeze juu ya mstari uleule. Unga unanyonya mafuta ya penseli na kuukamata mstari. Hii ndiyo tofauti ya wanja unaofika jioni na ule unaoishia kituoni.

Mstari wa msingi

Kila umbo linaanzia hapa, kwa hiyo uzoee kwanza huu kabla ya mkia wowote.

Egemeza kiwiko mezani na kidole kidogo shavuni. Mkono ulioning'inia hewani lazima utetemeke. Inua kidevu kidogo, kisha angalia chini kwenye kioo, jicho likiwa nusu wazi. Usivute kona ya jicho kwa kidole: ngozi ikivutwa mstari unaonekana umenyooka, ukiiachia unajikunja na mkia unaelekea usikokusudia. Ukihitaji kuikaza ngozi, weka kidole juu ya nyusi uinyanyue kidogo sana.

Weka vidoti vidogo katikati ya mizizi ya nywele za kope, kuanzia katikati kwenda nje, halafu kutoka katikati kurudi ndani. Viunganishe kwa michirizi mifupi. Upande wa pua mstari uwe mwembamba kama uzi wa kushonea. Pasiwe na mwanya wa ngozi kati ya mstari na nywele, kwa sababu mwanya huo ukionekana, wanja wote unaonekana umebandikwa.

Halafu fumbua macho, shusha kidevu, tazama mbele. Hapa ndipo unapoamua. Usihukumu wanja jicho likiwa limefumba, kwa sababu watu wanakuona ukiwa umelifumbua.

Kwa mkia, fikiria ukingo wa kope la chini ukiendelea kupanda kuelekea mwisho wa nyusi. Laza penseli kutoka ubavuni mwa pua, ipite kona ya nje ya jicho, ifike nyusi ilipoishia: huo ndio mwinamo wako. Weka doti hapo, milimita 4 au 5 kutoka kona, fanya na upande wa pili, ulinganishe doti mbili kabla ya kuchora chochote. Doti inafutika kwa kijiti cha pamba mara moja. Mkia uliokwisha kujazwa unafutika na poda yako yote.

Jicho la mlozi

Huna mengi ya kurekebisha. Mstari mwembamba ndani, unene taratibu nje, mkia mfupi unaofuata mwinamo wa jicho. Ukitaka mzito, sawa. Ukitaka mwembamba, sawa. Endelea na sehemu ya rangi.

Jicho la duara

Kama unalipenda duara lako na unataka lionekane kubwa zaidi, nenepesha mstari katikati, juu ya mboni, na usiweke mkia. Wengi lakini wananiambia wanataka lirefuke. Basi anza mstari pale mboni inapoanza, upande wa ndani uache mtupu au uwe hafifu mno, unenepe kwenye theluthi ya nje na utoke na mkia ulio karibu na mlalo kuliko kupanda. Kope la chini paka theluthi ya nje tu, uififishe kwa brashi isionekane kama mstari. Wanja mweusi kwenye ukingo wa ndani wenye majimaji unalipunguza jicho kwa haraka, ila ukingo huo una matundu ya tezi za mafuta yanayozuia machozi yasikauke. Ukijaza wanja kila siku matundu yanaziba na jicho linaanza kuwasha. Uweke siku ya sherehe, na ukirudi uusafishe.

Jicho lililofunikwa

Hapa nitakaa, kwa sababu mama zetu wengi wana jicho hili, na kwenye harusi za watoto wao wanaishia kupakwa poda na rangi ya mdomo tu, ati macho yao hayashiki wanja. Yanashika.

Mama mmoja wa Temeke, aliyekuja kupambwa kwa ajili ya sendofu ya bintiye, alinionya mapema. "Mwanangu, usijisumbue na macho. Wanja wangu huliwa na ngozi." Nikamwambia, "Mama, usifumbe. Niangalie mimi usoni."

Alivyoniangalia, ngozi ya juu ilikuwa imeteremka ikaziba theluthi yote ya nje, ikalala juu ya nywele za kope. Katikati palibaki kope jembamba, labda milimita 2. Aliyempaka siku za nyuma alikuwa anamfumbisha macho, anachora mstari mnene wa kupendeza, na mama akifumbua unazama wote, kisha unajichapa juu ya mkunjo. Akawa amekubali kwamba kasoro ni yake.

Jicho la namna hii linachorwa likiwa wazi. Poda ipite kwenye kope na kwenye ngozi inayoteremka. Tumia wanja wa kalamu au jeli usioyeyuka kwa maji, maana ngozi mbili zitasuguana usiku kucha. Kisha hatua zinakwenda hivi.

Kwanza, jaza mizizi ya nywele za kope kutokea chini, penseli ikiingia katikati ya nywele. Huu hauchukui nafasi yoyote ya kope, lakini nywele zinaonekana nyingi. Kwa mama wa makamo, hatua hii peke yake inaamsha jicho.

Pili, akiwa anatazama mbele, weka doti nje ya mahali ngozi inapoishia, kwenye mwinamo wa kuelekea mwisho wa nyusi. Doti lazima ionekane bila yeye kunyanyua uso.

Tatu, jicho likiwa bado wazi, vuta mstari kutoka kona ya nje mpaka kwenye doti. Huo ni upande wa chini wa mkia.

Nne, kutoka kwenye doti rudi ndani kwa mstari ulionyooka, upite juu ya mkunjo bila kuufuata, ufike kwenye kope karibu na ukingo wa nje wa mboni. Akitazama mbele, mstari huu uonekane umenyooka moja kwa moja.

Tano, jaza katikati. Mwambie aangalie chini, asipepese mpaka ukauke. Nusu dakika inatosha. Akifumbua mapema, mstari utajichapa juu.

Akifumba macho utaona mkia umevunjika, una kona ya ajabu pale kwenye mkunjo. Uache hivyohivyo. Ukiunyoosha akiwa amefumba, umeuharibu akiwa amefumbua. Mpiga picha tu ndiye wa kuambiwa asimwombe mama afumbe macho na kuinama chini.

Katika hatua zote hizo, sehemu ya katikati ya kope ipake mstari mwembamba mno au usiipake kabisa. Hilo ni la lazima: nafasi ni ya milimita 2, ukiila kwa wanja hakuna kope linalobaki. Yule mama wa Temeke alijiangalia kwenye kioo cha mkononi, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe yapo." Akaomba na kope bandia. Tulizikata, tukamwekea vipande vifupi vya kona ya nje, kwa kuwa kope bandia ndefu za katikati zinagonga ngozi ya juu na kuisukuma izidi kushuka.

Wenye kope lisilo na mkunjo kabisa wanafuata njia ileile ya kuchora jicho likiwa wazi, isipokuwa wao wanaweza kunenepesha mstari katikati mpaka uonekane, kwa sababu hakuna mkunjo ambao mstari utajichapa juu yake.

Jicho linaloshuka na linalopanda

Jicho linaloshuka lina upole wake na wengine wanalipenda lilivyo. Anayetaka lipande, kanuni ni kutofuata kope mpaka mwisho. Mstari ukifika milimita 3 hivi kabla ya kona ya nje, pale kope linapoanza kuelekea chini, uachane nalo na uunyanyue. Kona yenyewe ibaki wazi. Kope la chini usipake upande wa nje, hata kidogo. Wanja wa hapo ni uzito unaovuta jicho chini, na ukichanganyika na jasho ndio kabisa. Nywele za kope za nje zipinde, uzipake maskara kuelekea kwenye nyusi.

Jicho linalopanda lina mkia wake tayari. Ukiongeza mkia mrefu juu yake, uso unaonekana umekasirika. Mstari mwembamba juu, na chini upake theluthi ya nje kwa rangi laini ili kona itulie.

Macho yaliyokaribiana, yaliyoachana, yaliyozama, yaliyotokeza

Yaliyokaribiana: weusi wowote ukae mbali na pua. Anza mstari katikati ya kope au pale mboni inapoanza, na kona ya ndani uweke kidoti cha dhahabu au shaba inayong'aa. Utaona pua inapata nafasi.

Yaliyoachana: kinyume chake. Mstari uanzie ndani kabisa, ufuate kona mpaka kwenye ncha yake, uwe mweusi wa kutosha. Mkia uwe mfupi au usiwepo.

Yaliyozama yana kivuli chao cha asili, na wanja mnene unayazamisha zaidi. Mstari mwembamba, ukaribie kabisa nywele, unene nje tu. Kwenye kope weka rangi ing'aayo kidogo ili lisogee mbele.

Yaliyotokeza yanabeba wanja mzito kuliko macho yote, na nasikitika nikiona wenye macho haya wanaogopa. Paka mstari mnene wa rangi isiyong'aa kutoka kona hadi kona, uufifishe kwa juu kwa brashi mpaka uwe kama moshi, na chini vilevile ila mwembamba. Kitu cha kuepuka ni mng'ao katikati ya kope.

Ukiwa na maumbo mawili, fuata kwanza lile linaloamua kama wanja utaonekana, yaani kufunikwa. Halafu angalia nafasi kati ya macho, halafu kona. Kwa mfano jicho la duara lililofunikwa na lililokaribiana na mwenzake: chora likiwa wazi, anza mstari kwenye mboni, tokeza mkia wa mlalo.

Wenye miwani nao wana lao. Lenzi za kuonea mbali zinapunguza jicho, kwa hiyo ongeza unene kidogo na ukolee. Lenzi za kusomea zinalikuza, na kila kosa linakuzwa nalo. Mstari wako uwe mwembamba na safi. Anayevaa lenzi za ndani ya jicho azivae kabla ya kupaka, azitoe kabla ya kusafisha, na wanja wa ukingo wa ndani auache kabisa.

Rangi kwa ngozi yetu

Mweusi uliokolea unakaa vizuri kwenye ngozi zote za hapa, kuanzia nyeusi tii mpaka maji ya kunde. Kahawia uliopauka unapotea kwenye ngozi nyeusi. Chukua kahawia ya kahawa iliyochomwa. Bluu ya wino na kijani cha chupa vinapendeza mno mchana, na kwa mtu anayeogopa mkia vinaleta mabadiliko bila mkia. Kwa kung'arisha ukingo wa ndani, nyeupe kabisa ni kali kwenye ngozi nyeusi na kwenye picha za mwanga wa kamera inatisha. Rangi ya maziwa ya chai au karameli inafungua jicho vilevile bila kujitangaza.

Kwa kicheni pati na harusi za ukumbini, ongeza kidogo kuliko unavyodhani, kwa sababu taa za video zinafifisha. Kwa ofisi, ibada na chuo, jaza tu mizizi ya nywele. Bibi harusi asipakwe kope la chini isipokuwa kwa wanja usioyeyuka, kwani machozi ya nasaha za mama hayana mzaha.

Ukikosea, na ukirudi nyumbani

Mkia uliopinda usiufute wote. Chovya kijiti cha pamba kwenye maji ya kuondolea vipodozi, kikamue, pitisha chini ya mkia kutoka ndani kwenda nje, halafu rudishia konsila kwa brashi bapa. Mara nyingi konsila ndiyo inayonoa ncha, kuliko wanja wenyewe. Kama mmoja umezidi mwenzake urefu, punguza mrefu. Ukiendelea kurefusha mfupi utafika kwenye nywele za pembeni.

Usilale na wanja hata kama umetoka ukumbini saa tisa usiku. Lowesha pamba kwa mafuta mepesi ya kuondolea vipodozi, au mafuta ya nazi kidogo kama huna, iweke juu ya jicho lililofumba uhesabu mpaka ishirini, ndipo uvute kwenda chini taratibu. Usisugue kulia na kushoto. Safisha katikati ya nywele kwa kijiti cha pamba, kisha osha uso mara mbili ili mafuta yasibaki yakakuletea ukungu machoni asubuhi.

Jicho likiwasha, likiwa jekundu au likitoa tongotongo zaidi ya kawaida, pumzisha wanja wote mpaka lipone. Likiuma, likiogopa mwanga au uoni ukififia, nenda hospitali yenye kitengo cha macho, kama Muhimbili au CCBRT pale Msasani, na beba wanja ulioutumia ili daktari auone. Usipitie dukani kununua dawa ya matone kwa kubahatisha.